Kutibu mpira wa silikoni kwa plasma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara katika maabara za Uganda

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wanafunzi, mafundi wa maabara na watafiti wa Kampala, Entebbe, Mbarara, Gulu na kwingineko nchini ambao wanatengeneza chipu za mifereji midogo ya kupimia damu au maji, au wanaotaka wino, gundi na seli hai zishike kwenye silikoni. Katika maswali mengi jibu linaishia mahali pamoja: uso uliopitishwa kwenye plasma, yaani gesi iliyotiwa umeme na si plasma ya damu, una saa zake, na anayepanga kazi kwa kufuata saa hizo hupata matokeo mazuri hata kwa mashine ndogo.

Kwa nini maji hayashiki kwenye mpira wa silikoni?

Silikoni inayotumiwa zaidi maabarani ni polidimethilisiloksani. Kila molekuli yake ni mnyororo mrefu ambamo atomi za silisi na oksijeni zinapokezana, na kila atomi ya silisi imebeba makundi mawili ya methili, yaani kaboni moja yenye hidrojeni tatu. Makundi hayo ya methili ndiyo yanayojipanga juu, yakielekea hewani, nayo hayana mvuto wa maana kwa molekuli za maji. Nishati ya uso wa silikoni ni karibu milinyutoni 20 kwa mita, ilhali mvutano wa uso wa maji ni karibu milinyutoni 73 kwa mita katika nyuzi 20 za Selsiasi. Kwa hiyo maji huvutana yenyewe kwa yenyewe kuliko yanavyovutwa na mpira, na tone hubaki limejikunja kama linavyojikunja kwenye jani la jimbi. Tukipima pembe kati ya uso wa mpira na ukingo wa tone, tunapata nyuzi 105 hadi 115. Uso ambao pembe yake imezidi nyuzi 90 huhesabiwa kuwa unakataa maji.

Plasma ni nini, na inabadilisha kitu gani?

Plasma ni gesi ambayo sehemu ya atomi zake zimenyang'anywa elektroni, hivyo ndani yake mna elektroni huru, ioni, vipande vya molekuli vyenye hamu kubwa ya kuungana na vitu vingine, pamoja na mwanga wa urujuanimno. Jina hilo lilitolewa na mwanakemia Mmarekani Irving Langmuir mwaka 1928. Katika mashine za maabara gesi hiyo hutengenezwa ndani ya chumba kilichoondolewa sehemu kubwa ya hewa, kwa kutumia mawimbi ya umeme ambayo mara nyingi ni ya megahezi 13.56. Elektroni zake zina nishati kubwa sana, lakini gesi yenyewe hubaki karibu na joto la kawaida, ndiyo maana mpira hauungui.

Elektroni, ioni na mwanga huo hukata vifungo vinavyoshikilia makundi ya methili. Kaboni huondoka ikiwa gesi, na mahali pake hukaliwa na oksijeni, hasa katika umbo la kundi linaloitwa silanoli: silisi iliyoshika oksijeni na hidrojeni. Silanoli huvutana na maji kwa nguvu, kwa hiyo tone lililokuwa limejikunja hutandazika, na pembe yake huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Kazi yote hii hufanyika kwenye tabaka la nanomita chache hadi makumi kadhaa ya nanomita. Mpira ulio chini ya tabaka hilo haubadiliki: unanyumbuka vilevile, unapitisha mwanga vilevile na unapitisha gesi vilevile.

Baada ya plasma, uso hudumu kwa muda gani?

Hili ndilo swali la kwanza ambalo kila mtu anapaswa kuuliza, na kwa bahati mbaya huulizwa kazi ikiwa imekwisha kuharibika. Mpira ukiachwa wazi hewani, pembe ya tone huanza kupanda ndani ya saa chache. Kwa kawaida baada ya siku moja sehemu kubwa ya faida imepotea, na baada ya siku kadhaa uso unakaribia hali yake ya mwanzo. Kasi yenyewe hutegemea aina ya silikoni, jinsi ilivyookwa, joto la chumba na nguvu ya plasma iliyotumika.

Sababu kubwa iko ndani ya mpira wenyewe. Silikoni ikishaganda bado hubaki na minyororo mifupi ambayo haikufungwa kwenye wavu, na katika aina zinazotumika sana maabarani minyororo hiyo huweza kufika karibu asilimia 5 ya uzito. Hiyo ni kama mafuta yaliyonaswa. Hujipenyeza polepole hadi juu, hupita kwenye nyufa ndogo za tabaka jipya na kulifunika kwa methili. Sababu ya pili ni kwamba minyororo ya silikoni hugeuka kwa urahisi mno, kwa kuwa haigandi kama kioo mpaka joto lishuke hadi karibu nyuzi 120 chini ya sifuri. Kwa hiyo makundi yanayopenda maji huweza kujificha ndani na methili ikajitokeza nje. Sababu ya tatu ni kwamba silanoli zilizo jirani huungana zenyewe kwa zenyewe na kutoa maji, hivyo idadi yake hupungua.

Kutokana na hayo, haifai kutibu vipande Ijumaa jioni kwa ajili ya kazi ya Jumatatu na kuviacha juu ya meza. Ratiba inapaswa kupangwa kinyumenyume: uanze na saa ambayo kimiminika kitaingia kwenye mifereji, ndipo urudi nyuma hadi dakika ya kuwasha plasma. Vilevile, andika kwenye daftari saa ya plasma na saa ya matumizi. Matokeo mengi yanayoonekana kubadilikabadilika bila sababu huwa na sababu hiyo moja ambayo haikuandikwa.

Je, ipo njia ya kuufanya uso udumu zaidi?

Zipo, na iliyo rahisi kuliko zote ni maji. Kipande kikitumbukizwa kwenye maji safi mara tu baada ya plasma, silanoli hubaki zimeelekea kwenye maji na pembe hubaki chini kwa siku nyingi. Kwa chipu iliyokwisha kufungwa, jaza mifereji maji dakika hiyohiyo na uzibe matundu.

Njia ya pili ni kuondoa ile minyororo mifupi kabla ya plasma. Mpira hulowekwa kwenye kiyeyusho kinachoufanya uvimbe, kwa mfano heksani, kisha hupitishwa kwenye viyeyusho visivyouvimbisha sana, kama asetoni, ili unywee taratibu, na mwisho hukaushwa kwenye oveni. Lazima upungue uvimbe polepole, kwa sababu ukikaushwa kwa haraka hupasuka. Kuoka mpira kwa nyuzi 100 kwa siku kadhaa husaidia pia, na hakuhitaji kununua kemikali yoyote.

Njia ya tatu ni kufunika uso mpya kwa polima inayopenda maji. Mmumunyo wa asilimia 1 wa polivinili alkoholi, ukiachwa juu ya uso kwa takriban dakika 10 baada ya plasma kisha ukakaushwa kwa nyuzi 110, hutoa tabaka linaloweza kupenda maji kwa wiki kadhaa. Kwa maoni yangu maabara isiyo na bajeti kubwa ianze na maji, ikishindwa ijaribu polivinili alkoholi, na iache viyeyusho vikali kwa wale wenye kabati la kuvutia hewa chafu linalofanya kazi sawasawa.

Je, ni lazima nitumie oksijeni ya mtungi?

Si lazima. Hewa ya kawaida ina takriban asilimia 21 ya oksijeni na inatosha kwa kazi nyingi za kuunganisha silikoni na kioo. Oksijeni safi hutoa matokeo yanayofanana zaidi kutoka kipande hadi kipande, hasa katika miji yetu ambako unyevu wa hewa ya asubuhi ni tofauti na wa mchana. Lakini mtungi wa oksijeni ya hospitali una mgonjwa anayeuhitaji, na sioni sababu ya kuuchukua kwa ajili ya kazi ambayo hewa inaifanya.

Anayetumia oksijeni azingatie mambo mawili bila kujadiliana. Kwanza, pampu ya ombwe yenye mafuta ya kawaida ya petroli isitumike na oksijeni safi, kwa kuwa mafuta hayo huweza kuwaka. Panahitajika mafuta maalumu yenye florini au pampu isiyotumia mafuta. Pili, hakuna grisi inayopakwa kwenye vali wala regyuleta ya mtungi.

Nguvu na muda uwe kiasi gani?

Katika mashine ndogo, anza na wati 20 hadi 50, shinikizo la milibari 0.2 hadi 1, kwa sekunde 30 hadi 60. Baada ya hapo badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na upime.

Wengi hudhani kwamba dakika kumi ni bora kuliko dakika moja. Sivyo. Plasma ikizidi, tabaka la juu hugeuka kuwa gumu na la kuvunjika, linalofanana na silika, na mpira ukinyooshwa tabaka hilo hupasuka. Chini ya hadubini nyufa hizo huonekana kama mistari myembamba iliyojipanga sambamba, ikikatiza mwelekeo wa mvuto, na kila ufa ni mlango wa ile minyororo mifupi kupanda juu. Kwa hiyo uso uliotibiwa kupita kiasi huweza kurudia hali ya kukataa maji haraka kuliko uliotibiwa kwa kiasi, na pia hushika kioo kwa udhaifu.

Geji ya ombwe haifiki −1. Je, pampu yangu imeharibika?

Pengine ni nzima. Geji ya mshale inayoanzia sifuri kwenye hewa ya kawaida hupima tofauti kati ya ndani na nje. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa yake ni takriban kilopaskali 88, si 101 kama pwani. Hata chumba kikiwa kitupu kabisa, geji ya namna hiyo itaishia karibu −0.88 ya bari. Kabale, ambako ni juu zaidi, itaishia karibu −0.8. Mashine ya plasma inahitaji geji inayopima shinikizo halisi la ndani, kwa sababu tofauti kati ya milibari 0.5 na milibari 5 haionekani kabisa kwenye geji ya mshale, ilhali kwa plasma hiyo ni tofauti ya kazi nzuri na kazi mbovu.

Kama ni kweli pampu inachelewa kushusha shinikizo, kagua kwanza mpira wa mlango, kisha unyevu. Kuta za chumba kilichoachwa wazi usiku kucha wakati wa mvua hubeba maji mengi ambayo huendelea kutoka polepole pampu ikivuta. Funga mlango mashine isipotumika.

Nitajuaje kwamba plasma imefanya kazi?

Mwanga peke yake hautoshi kuwa ushahidi. Plasma ya hewa huonekana kwa rangi ya waridi inayoelekea zambarau, na ya oksijeni huwa nyeupe iliyopauka yenye ubuluu. Rangi hizo zinaonyesha kwamba gesi imewaka na gesi gani imo, na rangi ya hewa ikionekana wakati umefungua oksijeni, kuna mahali panapovuja. Hazisemi chochote kuhusu mpira.

Ushahidi ni tone. Weka tone la mikrolita 2 hadi 5 la maji yaliyokenekwa kwa mikropipeti, simu ikiwa imesimamishwa kando kwa kimo cha meza, na karatasi nyeupe yenye mwanga nyuma yake. Kwenye mpira usiotibiwa utaona duara lililokatwa kidogo chini, lenye kivuli chembamba pale ukingo unapoingia ndani. Kwenye mpira uliotibiwa vizuri tone halisimami: linagusa, linaenea, na kinachobaki ni mng'ao mwembamba usiopimika kwa urahisi. Picha huweza kupimwa kwa programu ya bure ya ImageJ. Piga picha ndani ya sekunde zilezile kila mara, na uweke kipande kimoja kisichotibiwa cha kulinganishia.

Maji ya bomba yana chumvi, na maji ya kisima yana zaidi, hivyo yasitumike kwa kipimo hiki. Maji ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta huweza kusaidia maabara isiyo na mtambo wa kukeneka, ila soma chupa kwa makini, kwa kuwa asidi ya betri huuzwa kwenye rafu hiyohiyo.

Chipu yangu haishiki kwenye kioo. Tatizo ni nini?

Silanoli za mpira na silanoli za kioo zikigusana huungana na kutoa molekuli ya maji, na kifungo kinachobaki ni silisi, oksijeni, silisi, ambacho hakibanduki bila kuupasua mpira. Mbinu hii ilienea sana baada ya mwaka 1998, kundi la George Whitesides wa Chuo Kikuu cha Harvard lilipoonyesha jinsi ya kutengeneza chipu za silikoni kwa haraka. Kifungo hicho kinahitaji nyuso zigusane kwa ukaribu wa molekuli, kwa hiyo vumbi ndilo adui wa kwanza. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu huingia hata dirisha likiwa limefungwa. Bandika utepe wa gundi juu ya mpira na uubandue, osha kioo kwa isopropanoli, kausha, kisha tibu vyote viwili, nyuso zinazokutana zikielekea juu.

Vikitoka, viunganishe ndani ya dakika moja, bila kugusa nyuso hizo kwa kidole hata chenye glavu. Usibonyeze kwa nguvu, kwani paa la mfereji huweza kushika sakafu. Halafu weka kwenye oveni ya nyuzi 70 hadi 80 kwa nusu saa. Ukifungua chipu iliyoshindwa, tazama mahali palipoachia: pakiwa mahali pamoja penye chembe katikati, ni vumbi, pakiwa eneo lote, ni plasma au ni kuchelewa.

Glavu za lateksi zisitumike wakati wa kuchanganya silikoni yenyewe. Salfa iliyo ndani yake huzuia kichocheo cha platinamu, na mpira hubaki unanata pale ulipoguswa. Kumbuka pia kwamba njia hii hufaa kwa kioo, silikoni kwa silikoni, na silisi. Plastiki kama akriliki na polistireni huhitaji kwanza kupakwa kemikali ya kuwa daraja kati yake na silikoni.

Umeme ukikatika plasma ikiwa inawaka, nifanye nini?

Zima swichi ya mashine, kisha ingiza hewa kwenye chumba polepole. Pampu ya mafuta iliyosimama huku chumba kikiwa na ombwe huweza kurudisha mafuta ndani ya chumba, na tabaka la mafuta litaharibu kila kipande kitakachofuata. Ukinunua pampu, ulizia yenye vali ya kuzuia hilo. Kipande kilichokuwa ndani kinaweza kutibiwa upya kwa muda kamili iwapo chumba ni safi, lakini kiandikwe hivyo, na kisiingizwe kwenye hesabu pamoja na vingine.

Naweza kutumia silikoni ya tyubu inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi?

Kwa majaribio ya kujifunza, ndiyo. Kwa utafiti, hapana. Ile inayonuka siki hutoa asidi ya asetiki ikiganda, na nyingi zina vijazio, mafuta ya kulainisha na dawa za kuzuia ukungu ambazo hazikuandikwa kwenye tyubu. Mafuta hayo hupanda juu haraka na pia huchafua chumba cha plasma.

Je, tanuri la mikrowevu, taa ya urujuanimno au kifaa cha korona cha mkononi vinaweza kuchukua nafasi ya mashine?

Kifaa cha korona, yaani kile kinachotoa cheche za umeme hewani, ndicho mbadala wa karibu: hufanya kazi kwenye hewa ya kawaida bila pampu, na fundi mwenye mkono mtulivu hupata vifungo vizuri, ingawa usawa wa uso hutegemea mkono huo. Taa za urujuanimno zenye mawimbi ya nanomita 185 na 254, zinazotengeneza ozoni, huleta mabadiliko yanayofanana lakini huchukua muda mrefu zaidi, mara nyingi dakika nyingi badala ya sekunde. Tanuri la mikrowevu la jikoni lenye chombo cha ombwe ndani yake limewahi kufanya kazi hii, lakini siwashauri wanafunzi kulijaribu. Chombo cha kioo kikipasuka chini ya ombwe vipande hurushwa, na tanuri lililotobolewa kwa ajili ya mpira wa pampu huvujisha mawimbi.

Njia zote hizi hutoa ozoni, ambayo huumiza mapafu. Ukisikia harufu kali, fungua madirisha na utoke. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asikaribie korona.

Plasma ikishapita, je, kipande kimetakaswa vijidudu?

Usihesabu hivyo. Plasma hupunguza vijidudu, lakini dakika moja ya kuandaa uso si utaratibu uliothibitishwa wa kuua vyote. Na ukikitia kipande kwenye otoklevu (chungu cha kutakasia kwa mvuke) ya nyuzi 121 baada ya plasma, joto litaharakisha kurudi kwa uso wa zamani, kwa hiyo takasa kwanza, tibu baadaye, kisha ukishike kwa usafi. Vifaa vya tiba vilivyokwisha kuidhinishwa, kama katheta, visitibiwe upya na mtu yeyote kwa ajili ya kumwekea mgonjwa.

Je, silikoni kurudia kukataa maji ni hasara siku zote?

La. Vihami vya silikoni kwenye nyaya za umeme wa msongo mkubwa hutegemea tabia hiyohiyo. Mvua na uchafu vikisababisha cheche za korona juu yake, uso hupoteza uwezo wa kukataa maji, kisha minyororo mifupi hupanda kutoka ndani na kuurudisha, hata kupenya na kufunika vumbi lililotua. Kwa upande mwingine, watengenezaji wa lenzi za macho za silikoni walihitaji uso unaopenda machozi kwa kudumu. Mwaka 1999 zilipoingia sokoni lenzi za kwanza za haidrojeli ya silikoni, PureVision ilitibiwa kwa plasma iliyogeuza sehemu za uso kuwa kama kioo, na Focus Night & Day ilipewa tabaka la plasma la unene wa nanomita 25.

Tumeletewa mashine kutoka Marekani. Tuangalie nini kabla ya kuiwasha?

Soma kibao cha nyuma. Umeme wetu ni volti 240 na hezi 50, wa Marekani ni volti 120 na hezi 60. Transfoma hurekebisha volti, lakini hezi hubaki zilezile, kwa hiyo mota ya pampu iliyoundwa kwa hezi 60 huzunguka polepole kwa takriban sehemu moja ya sita na huweza kupata joto kupita kiasi. Mwombe mtumaji pampu ya hezi 50 au inayokubali zote mbili. Weka kidhibiti volti kati ya soketi na mashine, hakikisha waya wa ardhi umeunganishwa kweli na haukuishia kwenye plagi tu, na kabla ya kipande cha kwanza washa plasma katika chumba kitupu kwa dakika kadhaa ili kuondoa mabaki ya usafirishaji.